Mti wa Mukau Nyumbani kwa Maweu

Tangu turudi, kila nikikutana na mmoja wenu sokoni Matinyani au kwenye ofisi ya walimu, swali ni lile lile: kule kwa mwandishi mliona nini? Nimekuwa nikijibu juu juu. Nimesema nyumba ni safi, kofia yake ipo, taipureta yake ipo. Sikusema uongo, lakini niliacha mambo mengi kwa sababu hayakuwa yangu. Wiki iliyopita Mwaitu aliniambia, "Waambie tu. Usiongeze kitu." Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Kwa wale wasiomjua, Mwaitu ni mama wa mume wangu. Jina lake ni Kamene, watu humwita Mama Mutua kwa jina la mume wangu, nami humwita Mwaitu, neno letu la mama.

Kutoka Matinyani

Wengi wenu mmekisoma kitabu cha Kisilu Maweu, wengine mmekifundisha pamoja nami. Kinaanza na mtoto wa kike aliyezaliwa dhaifu, wanawake wamemzunguka na kila mmoja anajua hatafika kesho. Mtoto huyo, Mwende, anafika kesho na keshokutwa, anakua, anasoma, anakuwa mtu. Ukurasa ule wa kwanza nimeusomea madarasa mengi, na kila mara watoto hunyamaza.

Maweu alikuwa mtu wa Makueni, ng'ambo ya Mbumbuni. Alipofariki, nyumba yake iligeuzwa makumbusho, nikaapa kwamba likizo ya Aprili nitakwenda kuiona. Nilipanga kwenda peke yangu na dereva wetu Kioko mwenye gari la Probox. Jioni moja nikiwaeleza watu wa nyumbani mpango huo, Mwaitu, ambaye alikuwa akipepeta ndengu barazani, alisema bila kuinua kichwa, "Nitaenda na wewe."

Tulishangaa. Mwaitu hapendi safari. Magoti yanamsumbua na hata Kitui mjini huenda tu akiitwa kliniki. Tena hajui kusoma, na sikuwahi kumsikia akimtaja Maweu. Mume wangu alimwambia barabara ni mbaya na mvua imeanza. Akajibu kwamba mvua ameiona kabla mwanawe hajazaliwa. Basi nikadhani mama amechoka na kukaa, anataka kutembea kidogo.

Asubuhi ya safari alitoka amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheusi kichwani. Aliketi mbele. Kioko alipofungua redio, alimwomba aifunge, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, leo nataka kusikia gari tu." Kioko akaifunga.

Mto Athi

Tulifuata njia ya mkato inayovuka Athi kwenye daraja la chini. Tulipofika tukakuta magari yamejipanga, watu wamesimama ukingoni mikono kiunoni. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yamefunika daraja lote, na magogo yalikuwa yakipita juu yake.

"Mwalimu, hapa hatupiti," Kioko akasema. "Tungoje ipungue, ama turudi tuzunguke ile njia ya mbali."

Tukangoja. Jua likapanda, tukala mihogo ya kuchemsha niliyokuwa nimebeba, jua likaanza kushuka na maji hayakushuka nalo. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbuzi. Mwenye mbuzi alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, mtu wa Garissa, jina lake Mzee Yusuf. Alipoona kuna mama mzee ameketi garini muda wote huo, alimletea chai kutoka kwenye flaski yake. Mwaitu aliinusa, akaniangalia. Ilikuwa na harufu ya moshi.

"Ni maziwa ya ngamia, mama," Mzee Yusuf akaeleza. "Kibuyu chetu tunakifukiza."

Mwaitu akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Mzee Yusuf alikitazama kitambaa chake cheusi, akauliza kwa upole kama tunaenda msibani. Nilikimbilia kujibu mimi. Nilimweleza kwamba hapana, tunaenda kutembelea nyumba ya mwandishi mmoja mkubwa, nikaanza hata kumsimulia kitabu.

"Tunaenda msibani," Mwaitu akasema.

Nilidhani hakusikia swali vizuri. Kiswahili chake si kingi, na masikio yake nayo yamechoka. Nikamwambia kwa Kikamba kwamba mzee anauliza habari za mazishi. Akanijibu kwa Kiswahili, ili mzee naye asikie, "Nimeelewa. Ni msiba wa zamani. Ni wa mtoto."

Mzee Yusuf alichutama kando ya mlango wa gari. Alisema kwao wanaamini mtoto mdogo akitangulia, humngoja mama yake mlangoni kule mbele, hataki kuingia bila yeye.

Mwaitu alifikiri. "Hata kama hakupewa jina?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Hata huyo," akasema.

Nilifikiri labda ni umri, labda amechanganya safari hii na nyingine. Maji yalipokataa kabisa kupungua, tukageuza gari. Mzee Yusuf alibaki na mbuzi wake, akatuombea njia njema.

Tawa

Kwa kuzunguka kule tulifika Tawa jua limezama, tukalala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Asubuhi tukaingia hoteli ndogo yenye mabenchi ya mbao, tukaagiza chai, chapati na ndengu. Kioko alikula haraka akaenda kuangalia tairi. Hapo, sahani ikiwa mbele yake, Mwaitu aliniambia yote, kwa sauti ile anayotumia kuniambia ni shamba lipi lianze kupaliliwa.

Alikuwa mke wa Kisilu Maweu. Wakati huo Maweu hakuwa mwandishi, alikuwa kijana tu aliyeanza kufundisha, na yeye alikuwa msichana. Aliolewa akapelekwa boma la kina Maweu, akaishi na mama mkwe aliyeitwa Syokau. Akapata mimba, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mdogo sana, hakuweza kunyonya. Kwetu zamani mtoto alikuwa hapewi jina mpaka siku ya tatu, na kabla ya siku hiyo alihesabiwa bado ni wa mizimu, hajawa mtu wa nyumba. Huyu hakuifikia siku ya tatu. Wanawake walimchukua wakamzika karibu na nyumba bila matanga. Mama yake akaambiwa asilie, maana hakuna mtu aliyekufa.

"Wewe uliona wanakomzika?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimelala. Nilisikia jembe. Halafu nikatoka nikaona udongo mpya."

Baadaye Syokau alianza kusema kwamba mtoto amelikataa boma kwa sababu ya mama yake. Alisema hivyo kisimani, akasema hivyo sokoni, mwisho akamwambia usoni. Maweu alinyamaza. Basi baba yake Kamene akaja kumchukua, mbuzi wa mahari wakarudishwa, na baada ya muda akaolewa upande wa Kitui, Matinyani, akamzaa Mutua na wadogo zake. Mume wake huyu wa pili alijua. Watoto hawakuambiwa.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nilifikiria ule ukurasa wa kwanza, watoto wa darasa langu wakinyamaza, na mimi nikiwaeleza kwamba mwandishi ana uwezo wa kubuni. Nikamuuliza mbona hakurudi kule miaka yote hiyo.

"Kwa njia gani?" akasema. "Mtu aliyefukuzwa kwa watu hawezi kurudi kuangalia udongo. Lakini wewe ulisema sasa ni nyumba ya kila mtu. Ukilipa unaingia. Nikaona hata mimi naweza kuingia."

Akamega chapati yake. Kisha akaongeza, "Nataka kujua kama wamejenga juu yake. Hiyo tu."

Nyumba iliyo ng'ambo ya Mbumbuni

Kutoka Mbumbuni kuna barabara ya udongo inayopanda kwenye matuta. Kibao cha serikali ya kaunti kinaonyesha upande wa kugeukia. Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu na mabati, ina veranda ndefu, na bustani inafagiliwa vizuri. Tulipokewa na msichana anayeelekeza wageni, Faith, mwenye adabu na sauti ya kusikika. Siku hiyo wageni tulikuwa sisi tu.

Faith alituonyesha kila kitu. Meza, taipureta, kofia ya majani, miwani, viatu alivyovaa mara ya mwisho alipokwenda kuzungumza chuo kikuu. Mimi niliyekuwa nimeapa kuviona vitu hivyo sikuviona. Nilimtazama Mwaitu. Alipita chumba kwa chumba akishika ukuta, na niligundua kwamba amepotea. Hakuna kitu alichokitambua. Nyumba aliyoijua ilikuwa ya nyasi, na hapakuwa na alama yoyote ya mahali iliposimama.

Kwenye picha za familia, Faith alitueleza kwamba mwandishi alioa mara moja tu, na mjane wake, Mama Ndunge, bado yuko hai, anakaa nyumba ndogo ile ya nyuma. Mwaitu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa habari za mji asioufahamu. Akauliza swali moja tu: nyumba ya zamani ilikuwa upande gani?

Faith hakujua. Alisema labda ni hapa hapa, ilibomolewa wakati wa kujenga hii.

Mwaitu alitoka nje. Nilimfuata. Alisimama uani, mkono mmoja kwenye bega langu, na nilihisi uzito wake wote. Macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye saruji ya veranda, kwenye njia ya mawe iliyotengenezewa wageni, kwenye mahali magari yanapoegeshwa.

"Wamejenga," akasema.

Tungeondoka wakati ule, na safari ingeishia hapo. Lakini yeye aligeuka kutafuta pa kuketi, na alipogeuka akaona, chini ya mteremko, mwamba mpana ulio bapa. Akauuliza mwamba, si mimi, "Kumbe uko?" Akaniambia hapo ndipo walipokuwa wakianika mtama. Alimaanisha kwamba ukisimama mlangoni mwa nyumba ile ya nyasi, mwamba ulikuwa mkono wa kulia. Akarudi nyuma polepole, akiuweka mwamba upande wake wa kulia, akageuza uso ukaelekea kilima, akasogea, akasimama tena. Faith alikuwa akitutazama kutoka kwenye veranda. Kisha Mwaitu akanyoosha mkono kushoto, mahali alipokuwa ameuona udongo mpya.

Palikuwa na mti. Mti wa mukau, ule ambao mbao zake mchwa hawazigusi, na watu wetu hawauachi uzeeke, huukata wakatengeneza milango. Huu ulikuwa umeachwa. Ulikuwa mnene, shina halikumbatiki kwa mikono. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kaburi la Maweu lenye vigae vyeupe.

Faith akateremka kutueleza, kwani hiyo ni sehemu ya matembezi. Alituonyesha kibao chini ya mti. Alisema mwandishi aliupanda mukau huu kusherehekea kuchapishwa kwa kitabu chake, ndiyo maana unaitwa mti wa Mwende, na alipokaribia kufa aliomba azikwe karibu nao.

"Mwende ni nani?" Mwaitu akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimweleza, kwa Kikamba, ule ukurasa wa kwanza: mtoto mdogo, wanawake wamemzunguka, na kwamba anaishi. Mwaitu alishika shina la mti kwa kiganja.

Mama Ndunge

Nadhani ni ukimya wetu uliomtoa mjane ndani. Alikuja akitembea na fimbo, mwanamke mwenye uso mkali, mdogo kidogo kuliko Mwaitu. Aliuliza sisi ni wa nani. Hakuuliza kwa ubaya, lakini Faith alinieleza baadaye kwamba huja watu wengi wakidai ukoo.

Mwaitu hakuuachilia mti. "Mimi ni Kamene," akasema. "Nilikaa hapa kabla yako."

Mama Ndunge alimtazama kwa muda. Nilijiandaa kwa maneno mabaya, nikatafuta kwa macho Kioko yuko wapi na gari. Lakini alimwambia Faith alete viti. Vilipoletwa, aliketi yeye kwanza, akamwonyesha Mwaitu kiti cha pili.

"Nilisikia kulikuwa na mtu," akasema. "Hakuna aliyeniambia jina."

Mwaitu akamwambia alichokuja kuangalia. Alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi Tawa. Alipomaliza, Mama Ndunge aliinua uso akautazama mti kuanzia chini hadi juu.

"Hii mti niliikuta," akasema. "Nilipoolewa ilikuwa imefika hapa." Akaonyesha kifuani. "Kitabu kilikuja miaka mingi baadaye. Hao wa kaunti waliandika tu. Niliwahi kumwambia aikate tutoe mlango. Hakunijibu siku nzima. Sikumwambia tena."

Faith alitazama kibao chake.

Wakakaa. Upepo ulikuwa ukipita juu ya majani, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mwaitu kama mwanafunzi. Kisha Mama Ndunge akauliza kile ambacho mimi sikuthubutu kuuliza.

"Angekuwa nani?"

Mnajua desturi yetu. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mwaitu aliijua vizuri kuliko sisi. Jina hilo lilikuwa la mwanamke aliyemtangaza kisimani na sokoni. Alikaa nalo mdomoni kitambo.

"Syokau," akasema.

Mama Ndunge aliweka fimbo chini. Ule uso mkali ukalegea wote.

"Msichana wangu wa kwanza nilitaka kumwita hivyo," akasema. "Ni haki yake. Wanawake walikuja siku ya jina, na mama mkwe ameketi pale anangoja kuitwa. Kisilu akakataa. Alisema jina hilo lina mwenyewe. Nikafikiri anamaanisha mama yake, kwamba hataki lichezewe. Syokau alikasirika mpaka akafa. Mtoto tukamwita Ndunge, jina la upande wetu. Maisha yangu yote nimefikiri aliidharau tumbo langu."

Mwaitu alinyoosha mkono akaushika wa mwenzake, na hapo, mbele ya mti na kaburi na yule msichana wa kaunti, alilia. Alilia kwa sauti, kilio cha matanga, kile alichokatazwa akiwa msichana. Mama Ndunge hakumtuliza. Alimwacha alie, akamshika.

Alipopumzika waliniambia niombe, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nimezoea kusimama mbele ya watu. Nilifungua mdomo, maneno yakakataa. Akaomba Mama Ndunge. Katika maombi yake alimtaja Syokau mara mbili, akifafanua kila mara ni yupi mkubwa na ni yupi mdogo, ili Mungu asichanganye.

Faith aliuliza, akipangusa macho, kama angeruhusiwa kuwaambia wakubwa wake kibao kibadilishwe. Mwaitu alimjibu kwa Kiswahili chake kifupi, "Andika mti ni wa zamani kuliko kitabu. Hiyo ingine ni ya nyumbani."

Kurudi

Hatukuachwa tuondoke na njaa. Mama Ndunge alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na mbaazi, tukala kwenye nyumba yake ndogo, Kioko akiongezewa mpaka akakataa. Wale wawili walizungumza habari za kawaida: magoti, dawa za presha, wajukuu wanaoongea Kiingereza tu. Kuhusu mwanamume waliyeishi naye kila mmoja kwa wakati wake sikusikia neno. Tulipoagana walishikana mikono dirishani mwa gari mpaka Kioko akaogopa kuliondoa.

Maji ya Athi yalikuwa yamepungua. Tulivuka polepole, na Mwaitu akamwambia Kioko anaweza kufungua redio akitaka.

Nyumbani hakusema chochote, nami nikanyamaza, hata kwa mume wangu. Mutua aliuliza safari ilikuwaje, nikamwambia amuulize mama yake, naye akaona nina uchovu.

Kisha Jumapili mchungaji mpya wa kanisa letu alikuja kututembelea, kama anavyowatembelea waumini wote. Tulikuwa tumeketi barazani, mume wangu na ndugu zake wawili wakiwepo. Mchungaji alimuuliza Mwaitu, kwa heshima, Mungu amemjalia watoto wangapi. Swali hilo Mwaitu ameulizwa mara nyingi mbele yetu, na jibu lake tunalijua sote: watano, wa kwanza ni Mutua.

"Sita," Mwaitu akasema. "Wa kwanza ni msichana. Anaitwa Syokau."

Mume wangu aligeuka akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akamrudia mama yake. Mchungaji hakujua kilichotokea. Alitabasamu, akauliza huyo Syokau ameolewa upande gani, yuko hapa karibu?

"Yuko Makueni," Mwaitu akasema, akikirekebisha kitambaa chake kichwani. "Kwa baba yake."